Kurasa Ishirini na Saba

Kati ya Njoro na Kisumu
dereva atakwambia ni mwendo wa saa tatu,
ukungu usipokaa Londiani.
Mimi nakwambia ni kurasa ishirini na saba.

Mwalimu Wangechi alikuwa amefika sitini na nne.
Aliniandikia nyuma ya risiti ya pesa za chakula:
*Ukurasa 64, sehemu. Desimali bado.
Anasoma vizuri kwa sauti. Usimkimbize.*
Nikaikunja, nikaitia ndani ya sidiria
pamoja na nauli.

Kisumu, Mwalimu Odindo alichukua kitabu kilekile,
jalada lilelile la twiga,
akakifungua tisini na moja.
"Ataokota njiani," akasema,
na nyuma yake watoto sabini
wakajipepea kwa madaftari.

Ataokota njiani.
Neno hilo nilishaambiwa.
Januari ile tulipotoka Nakuru usiku,
godoro juu ya lori, sufuria, kuku mmoja,
nilikuwa darasa la sita.
Hakuna aliyebeba kitabu. Nani angebeba kitabu?
Shule ya huku ilikuwa imeshavuka desimali.
Nikakaa nyuma, kimya, naokota,
naokota,
na kilichoanguka hakikuonekana tena.
Nukta, kwangu, ikawa nukta:
mwisho wa sentensi.

Basi hapana. Huyu hataokota.

Jumamosi niko kibarazani Migosi na cherehani yangu,
nafumua beji ya Njoro kwenye sweta
(sweta, katika joto hili!).
Uzi wa kijani unatoka, alama inabaki,
mraba ambao jua halikuufikia.
Apondi amekalia debe, kitabu magotini.
Kurasa tatu kwa siku, nimemwambia, siku tisa,
ya kumi tunywe soda.
Hiyo ndiyo hesabu ninayoiweza.

Siku ya nne tukafika mahali
ambapo mimi mwenyewe sijawahi kufika.
"Mama, moja nukta tano ni nini?"

Nikashika tepu iliyo shingoni.
Miaka kumi na miwili nashona kwa inchi,
nusu, robo, robo na unywele,
na upande wake wa pili, wenye sentimita,
nimeuacha ulale kifuani
kama barua ya mtu nisiyemjua.
Nikaugeuza.
"Nipime. Kiwiko hadi kifundo."
Akapima. Akavihesabu vimstari kwa ukucha, polepole:
"Ishirini na tatu... halafu vitano vidogo.
Ishirini na nne haijafika."
Haijafika, lakini imeshaondoka.
"Hapo," nikasema, sauti ikinisaliti,
"hapo ndipo wanapoiweka nukta."

Siku ya sita hatukufungua kitabu.
Wenzake walimcheka Dholuo yake,
wakasema imekuja na baridi, ipashwe moto kwanza.
Nyanya yake, ambaye kwa ajili yake tulihama,
alimwita kitandani akamrudishia maneno mawili matatu,
la kwanza likiwa tusi dogo la kujitetea.
Mimi nikakoroga uji, nikanyamaza.
*Usimkimbize*, risiti inasema.

Siku ya nane stima zilipotea.
Siku ya kumi nilikuwa na sare za watu,
maroni, maroni, maroni hadi usiku wa manane,
naye akanisomea maswali kwa sauti
huku nikijibu kwa mguu, juu ya pedali.

Siku ya kumi na tatu tukafika tisini na moja.
Darasa lilikuwa mia moja na tatu.

Nilidhani atalia. Mimi ndiye niliyetaka kulia.
Apondi alihesabu kwa vidole, akarudia,
akaona vidole havitoshi.
"Zimebaki kumi na mbili," akasema.
"Zilikuwa ishirini na saba."

Tukanunua soda moja, vikombe viwili.
Sifuri nukta tano yake,
sifuri nukta tano yangu.
Aliipima mwenyewe, jicho usawa wa meza,
na yake, naapa,
ilikuwa kubwa kidogo.